Oili Isiyo na Harufu

Juzi asubuhi nilipotaka kukaanga mayai, mafuta yalikataa kutoka kwenye chupa. Yalikuwa yameganda, meupe chini na ya manjano kidogo juu, kama yanavyofanya mafuta ya kupimia, yanayouzwa kwa kikombe hapa Eldoret, kila baridi inapozidi. Binti yangu wa miaka saba akaishika ile chupa, akaigeuza juu chini, akanikazia macho.

"Mama, ni nani ameweka kitu ndani?"

Nikamwambia hakuna aliyeweka kitu, ni baridi tu. Hakuniamini. Akainusa, akairudisha mezani, akanywa chai yake bila mayai, akaenda zake shule. Mimi nilibaki jikoni na chupa mkononi, nikijua kwamba mtoto huyu pua ameirithi kwa babu yake, na ule ubaya wa kushuku watu ameurithi kwangu.

Nitalisema mapema, nisije nikajipendelea huko mbele. Nilipokuwa darasa la tatu nilimnyang'anya baba yangu rafiki wake wa pekee. Nilitumia mafuta kama hayo, nikanyamaza, na nimenyamaza tangu siku hiyo mpaka wiki hii.

Baba yangu, Kamau, alikuwa mwendeshaji wa bodaboda, na alikuwa mtu wa kunusa. Alinusa petroli kabla haijaingia kwenye tangi, maana aliamini kila mwenye pampu anaichanganya na mafuta ya taa. Alinusa maziwa, akanusa unga, akanusa hata noti mpya. Wenzake wa steji, pale wanapongojea abiria, walimcheka kwa hilo, naye aliwaacha wacheke. Kitu kimoja tu hakukinusa, nacho ni chochote kilichotoka mkononi mwa Fundi Kibet.

Kibet alikuwa na kibanda chake cha kutengenezea pikipiki karibu na steji: mabati machache, benchi moja, na mkaratusi aliotundikia matairi mabovu. Kwao ni Soy, hapa hapa karibu. Sisi babu yetu alikuja huku kutoka Murang'a kutafuta shamba. Wale wawili walikuwa na mchezo wao wa salamu ambao hawakuuchoka. Baba akimwona Kibet anamwita kwa Kikalenjin, "Chamgei!", na Kibet anamjibu kwa Kikuyu, "Wi mwega, Kamau?" Kila mmoja aliiharibu lugha ya mwenzake vibaya sana, na kila mmoja alijiona amebobea. Miaka ile makabila yetu mawili yalikuwa yakiogopana; watu wa mtaa wetu walisalimiana vizuri mchana kisha wakafunga milango jua likiwa bado lipo, kwa hivyo salamu za hawa wawili zilifanya watu wageuze shingo.

Aliyegeuza shingo zaidi ya wote alikuwa jirani yetu, Mama Njeri. Mama yangu alikuwa na kiosk mbele ya nyumba, akiuza sukari, sabuni na mafuta ya kupikia yaliyotoka kwenye pipa lenye pampu. Mama Njeri alikuwa akija na kikombe chake kununua mafuta, kisha anaegemea dirisha la kiosk na kukaa hapo mpaka chai ya mtu ipoe. Mimi nilikuwa nakaa chini ya kaunta nikifanya hesabu za shule, na hapo ndipo nilipopata masomo mengine yote.

Mwaka ule mgongo wa Cucu, mama yake Baba, uliharibika. Cucu aliishi Timboroa, juu kule karibu na msitu, na alitakiwa kuletwa kwenye kliniki mjini kisha akae kwetu mpaka apone. Magari ya abiria yalimtapisha njia nzima, na hata hivyo hayakufika kwenye njia ya kwake. Pikipiki ya Baba ilifika mpaka mlangoni. Lakini mara ya mwisho Baba alipombeba, Cucu alishuka analia, akasema afadhali angeburutwa na ng'ombe.

Kibet aliitazama ile pikipiki. Nakumbuka alivyoishika kwa usukani, akabana breki ya mbele, akailalia kwa kifua chote. Pua ya pikipiki ikazama, ikagonga ndani kwa sauti ya chuma kwa chuma.

"Hii shoki imekufa, Kamau," alisema. "Oili ya ndani imekuwa maji. Kila shimo unagonga, hiyo yote inaenda kwa mgongo ya shosho."

"Sasa tufanye?"

"Tunatoa hizi miguu zote mbili, tunaosha, tunaweka oili mpya. Italala kama godoro."

Waliponiona nimesimama nyuma yao, wakanyamaza. Watu wazima wa kwetu hawakuwa wakizungumzia ugonjwa wa mzazi mbele ya mtoto, lakini hilo nimelielewa nikiwa na mtoto wangu. Siku ile nilichokiona ni watu wawili waliokuwa wakiongea na ghafla hawaongei. Nikaenda zangu nikijua kwamba kuna kitu.

Jioni ya siku ya pili Kibet alikuja nyumbani na chupa ya soda, imejaa kitu cha manjano mpaka shingoni. Ilikuwa oili ya shoki, ya kulainisha zile bomba mbili za mbele, ambazo mafundi huziita miguu, pikipiki ikipita mashimo. Alikuwa ameipata kwa fundi mwenzake mjini, akaipima kutoka kwenye kopo kubwa. Baba akatia mkono mfukoni, Kibet akaushika ule mkono akaurudisha.

"Hii ni ya shosho. Alinipea viazi nikiwa kwake, nikakula mpaka nikalala kwa kiti. Wacha hiyo pesa."

Baba hakuinusa ile chupa. Aliichukua akaisukuma chini ya kitanda chao, akaniambia, "Wambui, usiguse hii."

Asubuhi Mama Njeri alikuwa dirishani na kikombe chake. Sijui alijuaje habari ya oili, lakini Mama Njeri alijua habari zote. "Mimi naangalia tu," alimwambia Mama. "Siku hizi nani hupeana oili bure? Tena hao? Mtu akitaka uondoke hapa si lazima akuje na panga. Anaweza kukuja na zawadi. Pikipiki ikikataa kwa barabara, utasema ni nani?"

"Wachana na hayo maneno, Mama Njeri," Mama alisema, akampimia mafuta.

Mama aliyasahau kabla kikombe hakijajaa. Mimi niliyabeba shuleni, nikayarudisha nyumbani, nikala nayo, nikalala nayo. Kuhusu pikipiki nilijua jambo moja, ambalo kila mtoto wa mtu wa bodaboda analijua: gurudumu la nyuma likiharibika unasukuma, la mbele likiharibika unazikwa. Na Kibet alikuwa ametaka sehemu ya mbele. Alikuwa ameilalia kwa kifua, akanong'ona na Baba, akaleta chupa isiyo na kifuniko chake cha asili, akakataa pesa. Niliyapanga hayo yote kichwani na yakapangika vizuri kabisa.

Nilirudi kutoka shule Ijumaa, Baba akiwa kazini na Mama kwenye kiosk, nikaingia chini ya kitanda. Nikaifungua ile chupa na kufanya kile ambacho Baba mwenyewe angefanya. Nikainusa.

Haikuwa na harufu. Oili zote nilizozijua zilikuwa nyeusi na zilinuka, zilipaka nguo za Baba, zilikaa kwenye kucha zake hata Jumapili kanisani. Hii ilikuwa safi, unaona mpaka upande wa pili, na hainuki chochote. Nilishikwa na woga. Niliamini kwamba nimeshika kifo cha baba yangu, na kwamba duniani kote ni mimi tu niliyekijua.

Nyuma ya choo kulikuwa na mche wa matunda damu tuliopewa na Cucu, umefika kiunoni kwangu. Niliimwaga yote pale, chini ya shina. Nikaifuta chupa kwa kitambaa cha kupangusia vyombo. Kisha nikangoja mpaka Mama alipotoka kumwita muuza makaa, nikaingia kwenye kiosk, nikakanyagia kreti, nikapiga pampu ya pipa mara nne. Mafuta ya kupikia yaliingia kwenye chupa, ya manjano yaleyale. Ungeziweka mbili pamoja, hungejua ipi ni ipi. Niliirudisha chini ya kitanda, nikaenda kucheza kamba na nafsi iliyotulia kuliko nafsi zote za Eldoret.

Jumamosi asubuhi kazi ilifanyika uani kwetu, nami nikaketi kwenye kigoda kutazama. Kibet aliiegemeza injini juu ya kreti la soda, akatoa gurudumu la mbele, akalegeza nati za juu, akazivuta zile bomba mbili moja baada ya nyingine. Alipofungua kifuniko cha juu, springi iliruka kidogo, akaikamata. Kisha akaigeuza bomba juu ya karai, na uchafu ukatoka, wa kijivu, mwepesi kama maji, unaonuka kama samaki aliyesahaulika. Mama alifunga dirisha la kiosk. Baba akacheka, akasema sasa anajua ni nini kilichomliza Cucu.

Waliziosha bomba kwa petroli mpaka uani pote pakawa panawasha macho. Baba aligeukia ukuta akisugua sili za mpira na vifuniko kwenye bakuli. Kibet akachukua chupa ya soda, na chupa ya zamani ya mdogo wangu ya kunyonyea, ile yenye alama za kupimia maziwa, maana kila mguu lazima upate kiasi kilekile, la sivyo pikipiki inavuta upande. Kabla hajamimina, alijidondoshea tone moja kiganjani. Akalisugua kwa kidole gumba.

Akasimama hivyo. Akalisugua tena. Akautazama mgongo wa Baba kwa muda, halafu akautazama tena.

Nilimtazama, nikajiambia: amejua. Oili yake haimo tena na amejua. Nilingoja apige kelele, au aitupe ile chupa. Hakufanya lolote. Midomo yake ilijikaza tu, akamimina mafuta kwenye chupa ya mtoto mpaka alama aliyoitaka, akamimina kwenye mguu wa kwanza, akapima tena, akamimina kwenye wa pili. Akazipampu juu na chini kutoa hewa. Akapima kimo kwa spoku ya gurudumu. Alifanya kazi yake yote sawasawa, bila neno, na alipomaliza akanawa mikono na kuondoka bila kunywa chai. Baba alishangaa kidogo, akasema labda ana mteja.

Mchana ule, jua likiwaka, Baba aliizungusha pikipiki mtaani na kurudi akicheka peke yake. Ilikuwa laini. Alipanda kwenye tuta la mbele ya kanisa mara tatu kwa raha tu. Mimi nilicheka naye. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu na bado akapata pikipiki nzuri, ningetaka nini tena?

Alikwenda Timboroa Jumapili baada ya ibada, akalala kwa Cucu, pikipiki ikalala nje. Ambaye hajawahi kulala Timboroa hajui baridi. Asubuhi nyasi huwa nyeupe na maji ya karai huwa na ngozi juu. Walipoanza safari alfajiri, Cucu amefungwa blanketi mbili, shoki za mbele zilikuwa hazishuki wala hazipandi. Baba alisema ilikuwa kama kuendesha pikipiki iliyochomelewa. Kila kokoto, kila tuta, kila shimo la barabara ya kwenda chini lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye mgongo wa mama yake. Mwanzoni Cucu alilia, baadaye akaacha kulia, na Baba alisema hapo ndipo alipoogopa.

Walifika Cheptiret, Cucu akaomba kushushwa. Aliketi kwenye gogo mbele ya duka la mtu, akakataa kuendelea na akakataa kupandishwa kwenye chochote kinachokwenda Eldoret. Alirudishwa kwake na pikapu ya viazi, amelala kwenye kiti cha mbele. Kliniki hakuiona. Mgongo wake uliinama mwaka ule na haukunyooka tena. Aliishi miaka mingine mingi akiitazama ardhi. Sijawahi kulisimulia hili bila kutamani kujificha.

Pale pale Cheptiret Baba alifungua kifuniko cha mguu mmoja. Akatumbukiza spoku, ikatoka na kitu cheupe kama mafuta ya nyama iliyolala. Akakinusa. Akakionja.

Kibet alikuja kwetu jioni kuuliza habari. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Wi mwega, Kamau? Shosho alifika?"

"Habari," Baba akasema. Kwa Kiswahili.

Sikuwahi kumsikia akimsalimu hivyo. Hata Kibet aliisikia.

"Umenipea mafuta ya kupika," Baba akasema. "Nimeionja na hii ulimi yangu. Mama yangu yuko kwake hawezi kugeuka kwa kitanda."

"Mimi? Mimi ndio nimekupea mafuta ya kupika?"

"Ni nani mwingine? Chupa ilitoka kwako. Mkono ulioweka ni wako."

Kibet akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa na furaha yoyote. "Sawa. Kama umesema ni mimi, ni mimi."

Akaenda zake. Nilikuwa na hatua tatu kutoka kwa Baba. Ningetoa kichwa tu nje ya pazia. Nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa sentensi moja, na nilijua kwamba nikiisema mgongo wa Cucu utakuwa wangu. Nikaimeza. Kesho yake Mama Njeri alikuja na kikombe chake, akasema, "Si nilisema?" Nilimchukia, na nilijichukia zaidi, maana mimi ndiye niliyemfanya aonekane mkweli.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mahali pengine mtu angeuliza: nani mwingine aliingia nyumba hii? Kwetu haikuhitajika. Mmoja alikuwa wa huku na mwingine wa kule, jibu lilikuwa tayari limeandaliwa kabla ya swali. Tangu siku hiyo Baba alijitengenezea pikipiki mwenyewe, vibaya, na kunusa kwake kukawa ugonjwa. Alipopita mbele ya kibanda cha Kibet alitazama upande wa pili wa barabara. Wakikutana uso kwa uso walisema "Habari" na "Nzuri", kama watu wa benki.

Sasa Baba amezeeka, anaishi nasi, na ile pikipiki iko stoo, kuku wanaitagia kwenye kiti. Hatujawahi kuiuza. Kila mnunuzi aliyekuja Baba alimshuku.

Juzi, baada ya mtoto kwenda shule, niliiacha ile chupa iliyoganda mezani, nikachukua koti, nikaenda kwenye kibanda cha Kibet. Bado kipo, na mkaratusi bado upo. Yeye amekuwa mzee mwembamba wa miwani, anafanya kazi ameketi. Nilimwamkia, akaniuliza kama nimeleta pikipiki.

"Hapana, Mzee. Nimeleta maneno. Ile oili ya Cucu, ni mimi niliibadilisha. Niliimwaga nikaweka mafuta ya kiosk."

Sikujua nilitarajia nini. Aliendelea kuifuta spana yake.

"Kwamba ni mafuta ya kupika, hiyo nilijua," alisema. "Nilijua siku hiyo hiyo. Oili ya shoki ukiisugua kwa kidole unaisikia. Hiyo ilikuwa ya chapati. Lakini sikujua ni wewe."

"Ulidhani ni nani?"

"Baba yako." Aliinua macho. "Nikasema, Kamau amemwaga oili yangu, ameweka yake. Ameogopa mkono yangu. Yale maneno ya hapa mtaani, Wambui, hata sisi tulikuwa tunayasikia. Mlifikiri ni nyinyi peke yenu mnalala na mlango imefungwa? Nikasikia uchungu sana. Nikasema, sawa, kama hii ndiyo unaamini, wacha nikuwekee hiyo hiyo. Halafu anakuja kuniambia ati ni mimi! Nikajua sasa ananitafutia makosa."

"Na Cucu?"

Spana ikatulia. "Hiyo ndiyo hunisumbua," alisema. "Nilifikiri itaruka ruka kidogo, arudi aniulize. Nilikuwa nangoja aniulize. Baridi ya Timboroa sikufikiria hata kidogo. Mimi fundi mzima."

Nililia pale mbele ya watu wa steji, mama mzima. Kibet alinipa kitambaa, kikiwa kinanuka petroli.

Jana nilimwambia Baba. Alikuwa anakula githeri, mahindi kwa maharagwe, kwenye jua. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutafuna, kisha akaniangalia kwa upande, kwa lile jicho ambalo nimemwona akiwatazama nalo wenye pampu na wanunuzi wa pikipiki. Hajawahi kunitazama nalo mimi.

"Amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Baba."

"Na ulienda kwake lini?"

"Juzi."

"Aha."

"Baba, ni mimi. Nilikuwa mtoto, niliogopa utakufa."

"Sasa ndio amepata mtu wa kubeba hiyo makosa. Tena kutoka nyumba yangu." Akachota githeri, akakishikilia kijiko hewani. "Haya. Kama ni wewe, ile oili uliimwaga wapi?"

"Nyuma ya choo. Kwenye ule mche wa matunda damu wa Cucu."

Kijiko kilirudi kwenye sahani. Mche ule ulikauka wiki mbili baadaye, majani yote yakaanguka. Baba alikuwa ameamua kwamba Mama Njeri aliumwagia maji ya moto kwa wivu, akapandisha ua upande wake, na hakumsalimu mpaka mama wa watu alipohama. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kuambiwa habari za mche ule. Kibet asingeweza kuzijua.

Kuku wakaja kwenye sahani ya Baba, naye hakuwafukuza. "Mgongo ya mama yangu," alisema mwisho. Nikapiga magoti pale kwenye mchanga. Hakuniinua, wala hakunifukuza. Baada ya muda akasema, "Na Mama Njeri naye tulimwonea."

Kisha akajifuta mdomo. "Mwambie aje aangalie hiyo pikipiki. Lakini oili ije na kopo yake. Haijafunguliwa."

Kibet amekuja leo, saa nne asubuhi, na kopo jipya chini ya kwapa. Nilisimama mlangoni nikiogopa kuliko siku ile ya chini ya kitanda. Baba alikuwa ameketi kwenye kreti karibu na pikipiki, fimbo yake mkononi. Walitazamana. Nilidhani Baba atasema "Habari".

"Chamgei," Baba akasema, akilivunjavunja lile neno kama zamani.

Kibet akaweka kopo chini. "Wi mwega, Kamau."

Alimpa Baba kopo alifungue mwenyewe. Baba akakata kifuniko, akaliinua mpaka puani, akanusa kwa macho yaliyofumbwa. Halafu akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya maishani. Akampa Kibet naye anuse. Mzee Kibet akanusa, akadondosha tone kiganjani, akalisugua kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kukubali.

Nikasogea niwasaidie kushika bomba.

"Wewe kaa huko," Baba akasema, na Kibet tayari alikuwa ameshalivuta kopo nyuma ya miguu yake. Waliniangalia wote wawili, kwa jicho moja, mpaka nikaingia jikoni na kufunga mlango.